Mdogo wangu, kabla hujatafuta kicheko tafuta mpiga dramu

Kila shoo ikiisha huwa kuna binti ananisubiri mlango wa nyuma, ananiuliza dada ulijifunza wapi kuchekesha, na jibu langu huwa linamkata maini kabisa: nilijifunza kuhesabu mapigo. Si utani. Komedi ya maneno matupu watu wakicheka unatulia, unawaacha, kicheko kikianza kushuka unaingia na mstari wako, muda wote uko mikononi mwako. Kwenye igizo la muziki muda una wenyewe. Kuna kondakta pale chini anayeongoza bendi, kuna bendi yenyewe, wao wanasonga mbele na watu bado wanacheka utani wa mwanzo, na mstari unaofuata ndio unaobeba habari yote, sasa ukiuimba ndani ya kicheko hakuna aliyesikia, na wimbo mzima uliobaki watu wanakuangalia tu kama mgeni aliyekosea msiba.

Ilinikuta kwenye shoo yangu ya kwanza kubwa. Mazoezini hakuna mtu alikuwa anacheka tena, si unajua ukisikia utani mara ya sitini, kwa hiyo hakuna aliyefikiria kuacha nafasi. Siku ya kwanza na watu wa kweli ukumbi ukalipuka, mimi nikasimama nafurahi kama mjinga, bendi ikaenda zake. Nikaja kuingia katikati ya sentensi, nikaimba maneno ya ubeti wa pili, nikarudi wa kwanza, nikamaliza nimelowa jasho. Nimeenda kulia chooni. Baadaye kondakta ananiuliza, kwani kwa nini hukuomba vampu? Wee, kumbe kuna kitu kama hicho na kinaombwa! Vampu ni kile kipande kifupi cha muziki ambacho bendi inakirudia rudia mpaka utoe ishara tuendelee. Tukakubaliana nikiweka mkoba mezani ndio ishara. Watu wacheke sekunde mbili, wacheke kumi, mkoba uko mkononi kwangu. Kama hujashika kitu kingine humu shika hiki, muombe kondakta vampu mapema, wakati wa mazoezi, kwa adabu, maana ukichelewa muziki unakuwa umeshaandikwa na umeshafungwa na kila anayeguswa atanuna.

Na mpiga dramu. Huyu ndio mume wako wa shoo nakwambia. Ukianguka anapiga, ukigonga mlango na uso anapiga, na akipiga kabla makalio hayajafika sakafuni watu hawacheki, wanashangaa tu, akichelewa ndio kabisa. Siku hizi kwenye kumbi nyingi kubwa anafungiwa kwenye kichumba chake peke yake kwa sababu ya kelele, anakuona kwenye skrini, kwa hiyo usitegemee atakukisia. Mimi huwa nainua mabega na kuvuta pumzi kabla ya kuanguka, kila siku vile vile, yeye akiona mabega anajua. Nenda kamsalimie siku ya kwanza anafunga vyombo, muulize anaona nini kwenye hiyo skrini, wengi hawajawahi kuulizwa na mwigizaji.

Sasa kuna ugonjwa mwingine huo hauna vampu. Nilikuwa na mstari mmoja, maneno matatu tu, wiki mbili za mwanzo unaangusha ukumbi, wiki ya tatu kimya. Nikalaumu kaka mmoja wa kwaya eti anasogeza kiti. Nikalaumu taa. Nikalaumu watazamaji wa katikati ya wiki, masikini ya Mungu. Mwisho nikamuomba mtu anirekodi kutoka pembeni ya jukwaa, na nikajiona: nyusi zangu zinapanda kabla ya neno. Yaani nilishajua kicheko kinakuja, uso ukatangulia kukipokea, watu wakaona mwaliko na wakagoma. Nilichofanya ni kurudi kwenye skripti na kujiuliza huyu mama ninayemwigiza anataka nini pale, na alichotaka ni mtu amjibu swali lake, basi. Kesho yake nikauliza swali kama naulizia ndugu yangu hospitali. Kicheko kikarudi, si chote, ila kilirudi.

Wakubwa wote ukiwaangalia hawana nyusi hizo. Carol Burnett, mchekeshaji wa Marekani, mwaka 1959, ana miaka 26, anaingia kwenye igizo la muziki Once Upon a Mattress kama binti mfalme ametoka kuogelea handaki la maji la kasri, analowa, halafu anatangaza kwa wimbo kwamba yeye ni mwenye haya, anautangaza kwa sauti ya kupasua paa. Utani ni kwamba yule binti anaamini anachosema. Au yule Adelaide wa Guys and Dolls, Vivian Blaine ndio aliyemcheza mwanzo mwaka 1950, amechumbiwa miaka 14 ndoa haiji, anasoma kitabu cha udaktari kinamwambia mafua yake yanatokana na kukosa ndoa. Huo wimbo ukiuimba kwa kuchekesha unakufa. Uimbe kama mgonjwa anayesoma majibu yake ya vipimo, na ukitaka kupiga chafya ipigie kwenye pigo lake, chafya nayo ni noti.

Kuhusu kazi yenyewe kwa miaka, nikuambie ukweli ambao hakuna aliyeniambia. Utapewa mama mtu ukiwa na miaka 24. Utapewa mwalimu mkali, jirani mmbea, shangazi wa bwana harusi, na rafiki yako mliyemaliza naye mafunzo atapewa anayependwa. Inauma, mimi iliniuma kama miaka minne hivi na nilikuwa nina kisirani kibaya sana nyuma ya pazia, namuomba radhi kila aliyekaa na mimi chumba kimoja. Lakini angalia hesabu upande wa pili. Dorothy Loudon mwaka 1969 alikuwa kwenye igizo la Broadway, zile kumbi kubwa za New York, lililofungwa baada ya maonyesho 4, manne, kisha 1977 akapata Miss Hannigan, yule mlevi anayewatesa watoto yatima kwenye Annie, akachukua Tony, tuzo kubwa ya Broadway. Andrea Martin kachukua Tony yake ya kwanza 1993 na ya pili 2013, kwenye Pippin, anaimba akiwa ananing'inia kwenye bembea ya sarakasi na miaka 66. Wale wa kupendwa wakifika hapo simu zimeshapungua siku nyingi.

Ili ufike huko lakini lazima goti na koo vifike. Shoo 8 kwa wiki ndio mwendo wa kawaida Broadway na West End ya London, kwa hiyo ile sauti ya kuchekesha uliyoibuni mazoezini, ya puani au ya kukwaruza, ijaribu kwanza jioni ya siku yenye shoo mbili. Kama inauma siku hiyo itupe, tafuta nyingine mapema kabla mwongozaji hajaipenda. Na pedi za magoti zidai hata kama gauni ni fupi, mshona maleba atajua pa kuzificha, ndio kazi yake.

Odisheni, yale majaribio ya kugombea nafasi, sina mengi. Wanakupa bari 16, yaani mafungu 16 ya mapigo, kama nusu dakika, kwa hiyo usichague wimbo ambao utani wake unakuja ubeti wa tatu. Na wale watu mezani hawatacheka, wamekaa toka asubuhi, usiwaongezee mbwembwe ukifikiri hawajaelewa.

Ukiitwa kuwa mbadala wa mwenye nafasi kubali. Fuata hatua zake zote, mlango anaoingilia, mkono anaoshikia mkoba, kwa sababu wenzako wanamtegemea pale, ila vicheko vyake usivibebe, vinatoka kwenye mwili wake.

Na ukipewa bibi kizee una miaka 26, kama mimi, omba viatu. Wiki ya kwanza kabisa, hata vikuukuu vya stoo, kabla ya gauni kabla ya wigi. Mimi nilikuwa nimehangaika na mgongo wa kuinama siku nne, nafanana na kasa, nikaletewa viatu vimepishana namba, cha kushoto kinabana. Bibi akaanza kutembea mwenyewe.