Colmar wakati wa soko la Krismasi: lala hapohapo, katikati ya wiki

Mkuu, umeuliza kama unaweza kwenda Colmar, ule mji wa Alsace mashariki mwa Ufaransa, na kurudi Strasbourg siku hiyohiyo ukiwa na bi mkubwa, na kama koti moja zito litatosha.

Kufika ni rahisi. Treni ya TER, ile ya mkoa, kutoka Strasbourg inachukua kama nusu saa, haina namba ya kiti, wala hulazimiki kukata tiketi mapema. Ila Jumamosi ya Desemba usithubutu. Mitaa ya mji wa kale ni myembamba, na mchana pale Petite Venise, mtaa wa kando ya mfereji, mnasogea bega kwa bega. Jua linazama mnamo saa kumi na nusu, taa ndipo zinaanza kupendeza, na kila mtu anataka picha darajani saa hiyohiyo. Wewe fika Jumatano, ulale. Wale wa kutwa wakishaondoka, na asubuhi kabla hawajaja, mji unakuwa wenu. Jumanne iepuke kwa sababu makumbusho ya Unterlinden hufungwa.

Vyumba vikijaa, jaribu Mulhouse au Sélestat, zote ziko kwenye reli hiyohiyo. Sélestat wana daftari la hesabu za mji la mwaka 1521 linaloonyesha shilingi 4 walizolipwa walinzi wa msitu ili miti ya sikukuu isiibwe. Shilingi kabisa!

Sasa baridi. Desemba mara nyingi ni nyuzi 0 hadi 5, na koti ulilonalo linatosha. Wanaoumia ni miguu: unasimama juu ya mawe yenye unyevu, na jiwe linanyonya joto kupitia soli. Raba za kawaida hazifai. Tafuta kiatu cha soli nene, kilicholegea kidogo, na soksi moja nzito ya sufu. Wengi hujaza soksi mbili kwenye kiatu kinachobana, damu haipiti vizuri, vidole vinakufa ganzi mapema zaidi. Ndani ya koti vaa nguo nyepesi mbili tatu za kuvulika, maana madukani kuna joto. Ukitoka na jasho, upepo utakukomesha. Simu ikae mfuko wa ndani. Baridi inaweza kuizima hata ikiwa na chaji.

Bi mkubwa usimzungushe nje zaidi ya dakika 40 mfululizo. Soko la mafundi la Koïfhus liko ndani ya jengo la mwaka 1480, hapo anapata joto huku akiangalia vitu. Unterlinden nayo ina altare ya Isenheim, michoro mikubwa ya kanisani ya zamani, ambayo peke yake inatosha kumaliza saa nzima.

Kwenye vinywaji, kikombe unakilipia rehani, kama chupa ya soda dukani kwetu. Kirudishe kibanda kilekile, kwa sababu kingine kinaweza kukikataa. Asiyekunywa pombe aombe „jus de pomme chaud“, juisi ya tufaha ya moto, mara nyingi ina mdalasini, na Mpemba hatakosa kunusa karafuu.

Kama hamli nguruwe, hapa ndipo pa kuwa macho. Tarte flambée ya kawaida ni chapati nyembamba ya kuoka yenye krimu, vitunguu na vipande vya nguruwe. Sema „sans lardons“ kabla haijaingia tanurini. Choucroute, ile kabichi iliyochachushwa, achaneni nayo: hupikwa pamoja na nyama, kwa hiyo kuiondoa juu hakusaidii kitu. Bretzel, ule mkate wa kusokotwa wenye chumvi, kwa kawaida haina nyama, ila uliza kama haina mafuta ya nguruwe.

Zawadi nzuri ni bredele, vibiskuti vya sikukuu. Viweke kwenye kopo la bati, la sivyo vitafika unga. Mapambo ya mti yageuze uangalie chini, mengine yana kibandiko cha kiwanda cha mbali kabisa na Alsace. Jamu na asali uwanja wa ndege huhesabiwa kuwa vimiminika, chupa ikizidi mililita 100 iingie begi la kupakiwa. Jibini ya munster tamu sana, ila inanuka kweli, usiiweke begi moja na nguo za bi mkubwa.