Baraka, Chukudu na Kandambili: Tufiche Nini?

SWALI: Mhariri, salamu. Hadithi yangu ni ya Baraka, msukuma chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, anayeshusha viazi kutoka Kibumba hadi Birere, mtaa wa hapa Goma. Mtoto wake amefukuzwa shule kwa kukosa karo, lakini anakataa kuuza chukudu kwa dola 100. Wenzangu waliposoma waliuliza, “Huyu ni mjinga?” Nikaongeza aya ya kueleza kwamba chombo ni cha marehemu kaka yake, na jinsi anavyoumia. Sasa wanasema nahubiri. Nisimame wapi? – Msomaji wa Majengo, Goma

JIBU: Ndugu msomaji, malalamiko yote mawili yana mzizi mmoja. Mara ya kwanza uliwanyima habari, mara ya pili ukawamwagia hisia. Fanya kinyume: habari iwe wazi, hisia ndiyo ijifiche. Kwamba chukudu ni ya Bahati, kaka mkubwa, na kwamba Bahati hakurudi usiku watu walipoukimbia moto wa volkano ya Nyiragongo, yaseme mapema kwa sentensi kavu. Weka na tarehe, 22 Mei 2021. Jirani yako wa Majengo haihitaji, lakini msomaji wa Lubumbashi atajiuliza kama ni mlipuko huo au ule wa 2002, na akishaanza kujiuliza hivyo hamfuati tena Baraka.

Tuje kwenye aya yenyewe. Umeandika: “Alikataa kwa sababu moyoni alihisi kuwa akiiuza atakuwa amekubali kwamba kaka hatarudi.” Wazo ni zuri, limekaa pabaya. Linakuja papo hapo baada ya kukataa, kabla msomaji hajapata nafasi ya kushangaa. Na dawa unayo tayari kwenye ukurasa wako wa pili: kandambili kuukuu iliyopigiliwa kwenye ubao, mahali pa kuweka goti. Uliitaja ukaiacha. Jaribu hivi:

“Kandambili ilikuwa upande wa kulia, alikopigia goti Bahati. Baraka hupiga goti la kushoto, nalo lilisugua ubao mtupu kutoka Kibumba hadi mjini.”

Kisha mnunuzi aje, aikague magurudumu, aseme, “Hii kandambili nitaing’oa.” Baraka, ambaye muda wote amekuwa akijibu “siuzi”, ajibu, “Hatuuzi.” Ishia hapo. Aya yako ya uchungu haina kazi tena.

Kwa hadithi nzima, chukua kalamu ya risasi upige mstari chini ya kila “kwa sababu”, “alihisi”, “moyoni”, “ndiyo maana”. Funika kila sentensi ya namna hiyo kwa kidole, usome ya kabla na ya baada. Isipokosekana, futa, nyingi zitakuwa hizo, hasa zinazofuata maneno ya wahusika. Tendo likikosa maana, ujue kilichopungua ni habari: iweke ukurasa mmoja au miwili nyuma, mbali na tendo lenyewe. Zipo pia zinazostahili kubaki, kwa mfano unaporuka miaka mitano kwa mistari miwili. Hapo eleza tu bila aibu.

Halafu wape watu watatu ambao hujawahi kuwasimulia. Waulize: Baraka anataka nini? Kwa nini? Umejulia wapi? Swali la kwanza wote wajibu sawasawa. La pili wakitofautiana kidogo si hasara. La tatu waoneshe mstari kwa kidole, asiyeweza amebahatisha.

Onyo moja. Wengi wakishafuta maelezo hujaza mihemo: mhusika anameza mate, anatazama ziwa, anashusha pumzi. Huo ni ufafanuzi uleule uliovaa nguo nyingine, tena hauna habari, kwa maana kila mwenye huzuni humeza mate. Kandambili ile ni ya Bahati peke yake.

Njia tunayoipenda zaidi ni kumwacha mhusika ajieleze, ila ajieleze vibaya. Baraka aseme, “Dola 100 ni kidogo.” Mnunuzi apandishe hadi 120. Akatae tena. Msomaji ameshajua kwamba tatizo si bei, na hukumwambia. Lakini sharti wewe mwandishi uijue sababu ya kweli. Mwandishi Mmarekani Hemingway aliandika mwaka 1932 kwamba anayeacha kitu kwa kuwa hakijui huacha pengo tupu katika maandishi yake. Mnunuzi na Baraka wakibishana bila wewe kujua, itaonekana.

SWALI: Msimulizi wangu anasema “mimi”, naye ndiye aliyeiba pesa za likelemba, yaani upatu. Naweza kuficha hadi mwisho? – Mama wa Himbi

JIBU: Mama, anaweza kutuficha asilotaka kulikubali, si analoliwaza mchana kutwa. Akihangaika kurasa kumi kuhusu pesa bila hata mara moja kukumbuka zilipo, msomaji atajiona ametapeliwa. Mpe msimulizi mtu wa kumsimulia, ambaye yeye msimulizi ana sababu ya kumdanganya: hakimu, au mama mkwe. Hapo kuficha kunakuwa tendo la mwizi mwenyewe, wala si ujanja wako. Utalazimika kuandika upya mwanzo tu, na kupachika “mama” au “mheshimiwa” hapa na pale, hasa anapoanza kubabaika.