Umeitwa Kikao cha Kuboresha Mji? Nenda na Karatasi

Juzi nimepata meseji ndefu kutoka kwa dada mmoja wa Malindi, ana kibanda cha nguo karibu na soko, anasema wameitwa kikao cha pablik patisipesheni, yaani wananchi kutoa maoni, kuhusu kupanga upya katikati ya mji, wachuuzi wakae wapi, tuktuk zisimame wapi, taa, mitaro, vitu kama hivyo. Anauliza, "Dada, niende ama ni kupoteza siku ya biashara? Manake kile kingine tulikwenda tukanywa soda tukarudi." Nilicheka peke yangu dukani mpaka mteja akaniuliza kuna nini. Mdogo wangu, soda hiyo naijua mpaka rangi yake.

Nilianza kumjibu kwa simu, ikawa ndefu, nikaona bora niiandike hapa manake naamini wengi mnaonisoma mnataka ninachotaka mimi, mji uwe safi, biashara iende, watoto wapite njiani bila kuruka maji machafu. Kama hutaki hayo sijui unanisomea nini.

Kwa wasionijua, mimi nauza leso na madira hapa Amu, yaani Lamu, Usita wa Mui, upande wa Langoni. Mui kwetu ni mji. Usita wa Mui ndiyo njia kuu ya mji wa kale, na ukisema njia kuu mgeni anafikiria magari, hapana, hapa punda wawili wenye mizigo ya mchanga wakikutana lazima wewe uingie dukani kwa mtu uwapishe. Pembeni kuna mtaro wa maji, na mtaro huo ndio ulionitoa dukani.

Mbele ya duka langu na ya majirani vifuniko vilikuwa vimevunjika zamani. Masika yakiingia maji yanapanda na kila kilichomo, maganda ya maembe, kinyesi cha punda, mifuko ya plastiki ambayo ilipigwa marufuku tangu 2017 lakini mtaroni bado imo, na harufu yake leso huinasa, na leso iliyonasa harufu ya mtaro humuuzii bi harusi. Siku moja bibi mmoja mtu mzima alikuwa anaenda sokoni kununua samaki, akakanyaga pasipokuwa na kifuniko, mguu ukazama mpaka gotini. Tulimtoa, nikamkalisha kwenye baraza la duka, nikamuosha mguu kwa ndoo ya maji niliyoweka ya kutilia udhu, kiatu chake kimoja hakikupatikana mpaka leo. Hakulia wala hakutukana. Aliniuliza tu, "Mwanangu, wenye mui wako wapi?" Sikuwa na jibu.

Basi kikao kilipoitwa nikaenda. Tangazo lilibandikwa jioni, kikao ni kesho yake saa nne asubuhi, hapo tayari ujue. Tukapewa kitabu kinene cha majedwali, Kiingereza kitupu, kopi moja kwa safu nzima. Wakubwa wakasalimiana, wakatambulishana, wakashukuriana. Kisha mikrofoni ikaenda kwa wanaume wa mbele, kila mmoja anaanza na historia ya Amu tangu enzi za Ngome kujengwa. Kuja kufika kwangu Adhuhuri inakaribia, naambiwa, "Mama, kwa dakika moja." Nikasema. Nikasema yote, mtaro, bibi, kiatu, harufu, na watu wakapiga makofi. Yule ofisa akatikisa kichwa akaniambia, "Mama, hilo tumelinakili." Mimi nilikuwa nimekaa karibu na meza yake, nilikuwa naiona kalamu. Imelala mezani, na kifuniko chake kimefungwa. Wallahi jambo hilo limeniuma kuliko mtaro wenyewe.

Tukapanga foleni ya nauli, tukasaini, tukaenda zetu. Bajeti ilipotoka hakuna mtaro. Lakini ripoti ya ushirikishwaji wa wananchi ilipotumwa kwenye grupu, nikaishusha nikaisoma mwisho kabisa, nikaona orodha ya waliohudhuria, na mimi nimo, jina langu na sahihi yangu. Yaani sahihi niliyoweka ili nipate nauli ndiyo iliyokuwa ushahidi kwamba nimeshirikishwa. Siku hiyo nilifunga duka mapema, nikaenda nyumbani nikapika nikiwa na hasira mpaka wali ukashika sufuria.

Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Kikaoni maneno yako yanapigiwa makofi, lakini bajeti haitengenezwi kwa makofi, inatengenezwa ofisini na mtu aliyekaa na makaratasi. Kama karatasi yako haimo kati ya hizo, hukusema kitu. Ndiyo siri yenyewe, sina nyingine, na ningeweza kuishia hapa lakini nitawaeleza nilivyofanya.

Nilimtafuta mpwa wangu aliyesoma mambo haya, akanipa kalenda. Kumbe pesa za kaunti zina tarehe zake kwa sheria ya fedha za umma ya 2012, wala si siri. Mpango wa maendeleo wa mwaka lazima ufike bunge la kaunti kufikia 1 Septemba. Karatasi ya mkakati wa fedha, ile inayosema idara ipi ipate kiasi gani, 28 Februari. Makadirio ya bajeti yenyewe, 30 Aprili. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Kwa hivyo ukiitwa kikao mwezi wa Mei kuulizwa unataka nini katikati ya mji, jua sufuria ilishatoka motoni, unaulizwa kuhusu chumvi. Sisemi usiende. Nenda, lakini neno lako liwe limeshafika huko tangu Agosti, kwa karatasi.

Nikaandika barua ya ukurasa mmoja. Kwa Kiswahili, manake Katiba kifungu cha 7 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi, asikutishe mtu. Sikuandika "tunaomba mji uboreshwe", kila mtu anaomba hivyo na ndiyo maana hakuna anayepata. Nilichukua futi yangu ya kupimia vitambaa nikatoka nje asubuhi kabla punda hawajawa wengi, nikapima urefu wa kila kifuniko kilichokosekana na upana wa mtaro, kuanzia kona hii mpaka kona ile, vijana wananicheka, "Bi leso anaushonea mtaro suruali." Wacheke. Nikaandika vipimo vyote, nikapiga picha, nikazunguka kwa majirani, fundi wa kofia, muuza halua, mwenye duka la simu, wote wakasaini. Tukaomba kitu kimoja tu. Ukiomba kumi wanakuchagulia cha kumi.

Na kwa sababu mji wetu ni urithi wa dunia tangu 2001, kopi moja nikaipeleka kwa watu wa makumbusho, manake ukitaka kugusa sura ya njia za mji wa kale bila wao kujua, kazi inaweza kusimamishwa katikati halafu mnabaki na shimo. Kopi nyingine kwa karani wa bunge la kaunti, maana Katiba kifungu cha 196 inataka bunge lenyewe lishirikishe wananchi, si kuwaachia maofisa peke yao. Na orijino nikavuka nayo na boti mpaka Mokowe, ng'ambo ya bara, kwa makao makuu ya kaunti. Binti aliyekuwa mapokezi akaniambia, "Iache tu hapo mama, tutampa." Nikamwambia binti yangu, mimi nimevuka bahari, sirudi bila mhuri. Akanitazama, nikakaa kwenye kiti. Mhuri ukapatikana.

Habari za katikati nawaruka, ni simu zisizoshikwa na njoo kesho.

Bajeti iliyofuata, mtaro wetu ukatajwa, na kwa jina la mahali, vilevile nilivyouandika. Mafundi wakaja, vifuniko vikawekwa, na masika yaliyopita duka langu lilikuwa kavu. Nasema kwa fahari na sitaomba radhi, lile andiko ni langu.

Halafu siku ya kuzindua. Akaja mkubwa mmoja, simtaji, akakata utepe, akasema alipoona taabu ya mama zake moyo wake haukutulia. Picha zikapigwa. Mimi niko nyuma, hata kiti sikupewa. Na utepe wenyewe walikuja kuununua dukani kwangu jana yake, kwa deni! Deni hilo halijalipwa. Nimesamehe, lakini kwenye daftari bado limeandikwa.

Lakini mtaro upo, na hili ndilo nataka vijana wetu mlielewe. Mnashinda kwenye magrupu ya WhatsApp kuanzia Isha mpaka usiku wa manane mnailaumu kaunti, sauti za dakika tano tano, kisha asubuhi mmelala. Nani amesikia? Wazee wetu hapa Amu walishaonyesha njia. Wavuvi walipokwenda Mahakama Kuu ya Malindi kuhusu bandari mpya ya Lamu, 2018 mahakama ikasema wananchi hawakushirikishwa inavyotakikana na wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata, Juni 2019, mahakama ya mazingira ya kitaifa ikafuta leseni ya ule mradi wa umeme wa makaa ya mawe hapa Lamu, sababu kubwa ni hiyo hiyo, wananchi hawakushirikishwa sawasawa. Watu waliandamana ndiyo, lakini mbele ya hakimu ni nini kilichofunguliwa? Makaratasi. Barua, kumbukumbu za vikao, tarehe. Ikiwa karatasi ilisimamisha makaa ya mawe, itashindwa na taa ya sokoni kwenu?

Kwa hivyo dada wa Malindi, nenda. Tena nyinyi mna bahati, bunge la kaunti ya Kilifi liko hapo hapo mjini kwenu, huhitaji kuvuka maji, ni kutembea tu na bahasha. Usiende kusema kila kitu. Kaa na wenzako wa vibanda kabla ya siku, mkubaliane jambo moja, mpime, mpige picha, mwandike, msaini. Ukipewa mikrofoni soma barua hiyo hiyo, usiongeze historia ya Vasco da Gama, wengine watakusaidia hapo. Kisha simama umkabidhi ofisa mbele ya watu na umwambie akusainie kopi yako. Akisema "tumelinakili", mwambie ahsante, ninakili na hii.

Kuhusu ile orodha ya nauli. Chukua nauli, ni haki yako, umeacha biashara. Lakini mbele ya jina lako andika kwa herufi ndogo, "tazama barua yetu", na tarehe. Mimi sasa nafanya hivyo kila mara, na safari moja kijana aliyeshika orodha akaniambia nafasi hiyo ni ya namba ya simu. Nikaandika na namba ya simu.

Na wakinyamaza, usikasirike, andika tena. Kuna sheria ya kupata habari ya 2016, ukiomba habari kwa ofisi ya umma inatakiwa ikujibu ndani ya siku 21. Uliza barua yetu imefikia wapi, mradi umetengewa kiasi gani, kandarasi imepewa nani. Uliza kwa karatasi, usimuulize mtu kwenye harusi. Kwenye harusi kila mtu atakuambia ndiyo.

Mimi sasa hivi niko kwenye taa. Kuna kipande cha njia kutoka nyuma ya soko ambapo baada ya Magharibi wanawake hawapiti tena, wanazunguka mpaka ufuoni, na biashara ya upande huo imekufa. Vipimo ninavyo, picha ninazo, majirani wamesaini isipokuwa muuza halua, anayesema taa zitawaleta vijana kukaa kwenye baraza lake usiku kucha. Tunabishana naye kila jioni, jana kanipa halua nzima bure ili ninyamaze. Nimeila. Wiki hii navuka Mokowe, na sahihi yake ama bila sahihi yake, manake 28 Februari haimngojei muuza halua.