Nani Atatia Muhuri Shahada Yako ya Teolojia?

Safari hii nimeziweka pamoja barua nne zinazohusu masomo ya teolojia katika vyuo vya Kanisa Katoliki. Waandishi wake wanatofautiana kwa hali na kwa umri, lakini wote wanagusa jambo moja ambalo waombaji wengi hulichunguza wakiwa wamekwisha kulipa ada: ni mamlaka gani inayotoa shahada hiyo, na shahada hiyo inatambuliwa wapi.

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mwalimu wa sekondari na mama wa watoto wawili, nina shahada ya kwanza ya ualimu. Ninafundisha vipindi vya dini kwa kujitolea na ninatamani kusoma teolojia kwa kina, lakini nimeambiwa kwamba masomo hayo ni ya mapadre. Je, mlei, yaani muumini asiye padre wala mtawa, anaruhusiwa? Na kwa kuwa tayari nina shahada, naweza kuanza moja kwa moja na uzamili? — Mwalimu, Tabora

Milele na milele, amina. Mwalimu, uliyoambiwa si sahihi, na ninasikitika kwamba walei wengi bado wanarudishwa nyuma kwa neno kama hilo. Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, katika kanuni ya 229, unatamka kwamba walei wanayo haki ya kujipatia elimu ya kina zaidi katika taaluma takatifu zinazofundishwa kwenye vyuo vikuu na vitivo vya Kanisa, ya kuhudhuria masomo huko na ya kutunukiwa shahada. Katiba ya kitume Veritatis Gaudium, ambayo Papa Fransisko aliitia saini tarehe 8 Desemba 2017 na ambayo ndiyo inayoongoza vitivo vya Kanisa tangu ichukue nafasi ya Sapientia Christiana ya mwaka 1979, inasema vivyo hivyo: milango iko wazi kwa wakleri (wenye daraja takatifu) na kwa walei, mradi mwombaji athibitishe mwenendo mwema na awe amemaliza masomo yanayotakiwa. Mazoea ya kuwaona mafrateri (wanafunzi wa upadre) peke yao madarasani yametokana na jinsi majimbo yalivyogawa fedha na nafasi, wala hayakutokana na sheria.

Kuhusu mwenendo mwema, wengi hudhani kwamba lazima barua itoke kwa askofu. Kwa padre, frateri au mtawa, ushuhuda hutolewa na askofu wake, mkuu wa shirika lake au mtu aliyekabidhiwa kazi hiyo. Kwa mlei, sheria inaridhika na ushuhuda wa mtu mwenye dhamana katika Kanisa, na kwa kawaida huyo ni paroko wako. Chuo fulani kinaweza kudai zaidi katika kanuni zake, kwa hiyo soma fomu ya maombi kwa makini kabla hujafunga safari kwenda ofisi ya askofu.

Swali lako la pili linahitaji subira. Masomo ya kitivo cha teolojia hupangwa katika ngazi tatu. Ya kwanza huishia kwenye bakalaurea na huchukua miaka 5, yaani mihula 10, ikianza na falsafa. Mahali ambapo falsafa ya miaka 2 ni sharti la kuingilia, teolojia yenyewe huchukua miaka 3. Katika ngazi hiyo mwanafunzi hupitishwa katika Maandiko Matakatifu, Mababa wa Kanisa, mafundisho ya imani, maadili, liturjia, historia ya Kanisa, sheria za Kanisa na uchungaji, na mwishoni hufanya mtihani wa jumla, au jaribio jingine lenye uzito ulio sawa, ili ionekane kama ameyashika yote kwa pamoja. Ngazi ya pili ni lisensiati, ya miaka 2, ambapo mtu huchagua eneo moja la kubobea. Ya tatu ni udaktari, ambao hukamilika kwa tasnifu iliyotetewa mbele ya jopo na kuchapishwa, japo kwa sehemu yake kuu.

Shahada yako ya ualimu inathibitisha kwamba unayaweza masomo ya chuo kikuu, lakini haichukui nafasi ya bakalaurea ya teolojia. Huwezi kuingia lisensiati bila falsafa na bila msingi wa teolojia, kama ambavyo daktari wa mifugo hawezi kuanza ubingwa wa upasuaji wa moyo wa binadamu kwa sababu tu naye ni daktari. Kitivo kinaweza kukusamehe somo moja au mawili ambayo umeyasoma kwa kiwango kinacholingana, na uamuzi huo ni wa kitivo chenyewe.

Hata hivyo iko njia nyingine, na hapa ndipo lilipo lile jambo nililolitaja mwanzoni. Chuo Kikuu Katoliki cha Afrika Mashariki kilichopo Nairobi kilianza mwaka 1984 kama taasisi ya juu ya teolojia ya maaskofu wa nchi za AMECEA (umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki), kisha mwaka 1992 kikapata hati ya Serikali ya Kenya. Chuo cha namna hiyo kina mabwana wawili kwa maana njema: Kiti Kitakatifu (yaani Papa na ofisi zake za Roma), ambacho siku hizi husimamia elimu hiyo kupitia Baraza la Kipapa la Utamaduni na Elimu, na tume ya serikali inayosimamia vyuo vikuu. Lisensiati hutolewa kwa mamlaka ya Kanisa. Shahada ya uzamili ya kawaida hutolewa kwa mamlaka ya hati ya serikali. Masharti ya kuingia katika hiyo ya pili huwekwa na chuo pamoja na tume ya nchi, na kuna vyuo ambavyo humpokea mwenye shahada ya fani nyingine baada ya kumtaka asome kwanza masomo ya msingi ya teolojia. Ukiipata, utakuwa na shahada halali, lakini kanuni ya 817 ya Mkusanyiko ule ule wa Sheria za Kanisa inasema kwamba shahada yenye nguvu za kisheria ndani ya Kanisa hutolewa tu na chuo au kitivo kilichoanzishwa au kuidhinishwa na Kiti Kitakatifu.

Tofauti hiyo huonekana mtu anapoitwa kwenye kazi fulani. Kanuni ya 253 inataka wanaoteuliwa kufundisha falsafa, teolojia na sheria katika seminari wawe na udaktari au lisensiati kutoka chuo kinachotambuliwa na Kiti Kitakatifu. Mahakimu wa mahakama ya jimbo, ambao wanaweza kuwa walei kwa ruhusa ya Baraza la Maaskofu, wanatakiwa wawe na udaktari au walau lisensiati ya sheria za Kanisa. Na anayefundisha taaluma za teolojia katika taasisi ya elimu ya juu anahitaji idhini ya mamlaka ya Kanisa, kwa mujibu wa kanuni ya 812. Idhini hiyo inamhusu mwalimu wa chuo, haidaiwi kwa mwanafunzi anayejiandikisha. Kama lengo lako ni kufundisha vizuri zaidi shuleni na kupanda daraja kazini, mwajiri ataangalia kama shahada yako inatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kama unatamani siku moja kuwafundisha mafrateri (na wanawake walei wanahitajika sana katika kazi hiyo), tafuta shahada ya Kanisa tangu mwanzo, hata kama ni ndefu.

Ipo pia programu ya Sayansi za Dini, iliyopangwa hasa kwa ajili ya walei na watawa, yenye miaka 3 ya shahada ya kwanza na 2 ya lisensiati. Ni ya Kanisa, ni ya heshima, na inamfaa sana mwalimu wa dini; fahamu tu kwamba haihesabiwi kuwa sawa na bakalaurea ya teolojia. Kabla ya kulipa chochote, mwandikie msajili wa chuo na umwombe akujibu kwa maandishi jina kamili la shahada, chombo kinachoitoa, na kama tume ya nchi imeiidhinisha programu hiyo yenyewe. Kuidhinishwa kwa chuo peke yake hakutoshi.

Mimi nilikuwa frateri. Nilimaliza falsafa na miaka miwili ya teolojia katika seminari kuu, kisha nikaondoka kwa hiari yangu. Sasa nimeoa. Je, miaka ile yote imepotea? — Msomaji, Eldoret

Haijapotea, ndugu yangu, ila haijawa shahada. Seminari kuu inatakiwa na sheria, kanuni ya 250, kutoa masomo ya falsafa na teolojia yasiyopungua miaka 6 kwa ajili ya kumwandaa mtu kwa upadre, na mtu anaweza kuyamaliza yote, akapewa daraja, na bado asiwe na shahada yoyote ya Kanisa. Shahada huja pale seminari inapokuwa imefungamanishwa na kitivo cha teolojia, na kitivo hicho ndicho kinachoitoa. Ndiyo maana katika vyeti vya seminari nyingi za Afrika Mashariki utakuta jina la chuo kikuu, mara nyingine cha Roma. Jambo la kwanza la kuuliza, basi, ni kama seminari yako ilikuwa na ufungamano huo katika miaka uliyokuwapo. Ufungamano uliopatikana baadaye haurudi nyuma kuwafunika waliotangulia.

Mwandikie gombera (mkuu wa seminari) uombe nakala ya matokeo yenye masomo, saa na alama za kila muhula. Kitivo utakachokiomba kitapima somo moja baada ya jingine, na kinaweza kukubali, kukutahini upya au kukutaka urudie. Falsafa ndiyo ninayokuhimiza uipiganie kwa nguvu, maana ikikubaliwa utakuwa umepunguza sehemu kubwa ya safari.

Najua kuna kinachokutia hofu ambacho hukukiandika, kwa kuwa waliotoka seminari wengi huwa nacho. Kanuni ya 241 hudai ushuhuda wa mkuu wa zamani juu ya sababu za kuondoka pale mtu aliyewahi kuondolewa anapoomba kupokelewa katika seminari nyingine. Wewe huombi upadre. Unaomba nafasi ya masomo ukiwa mlei mwenye ndoa, na ushuhuda wa paroko wako wa sasa ndio unaohusika. Kwa upande wa serikali, anza kwa kuuliza Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya kuhusu chuo unachokusudia, hasa kama kiko nje ya nchi.

Shirika langu linanipeleka Roma kusoma Maandiko Matakatifu. Nijiandae vipi kuhusu lugha? — Sista, Songea

Sista, anza leo. Katika Taasisi ya Kipapa ya Biblia, iliyoanzishwa na Papa Pio wa Kumi mwaka 1909, Kigiriki na Kiebrania ndiyo lango lenyewe, na wasiokuwa na kiwango kinachotakiwa hutumia muda wa maandalizi kabla ya kuingia lisensiati. Kwa hiyo muombe mama mkuu ahesabu muda huo katika mpango wa fedha na wa kazi za shirika, kwa sababu muda ulioandikwa kwenye karatasi huongezeka. Kiitaliano nacho utakihitaji darasani na jikoni pia. Ukipata padre aliyesoma huko akakufundisha herufi na vitenzi vya Kigiriki jioni tatu kwa juma, utakuwa umejiokolea machozi mengi.

Ninaishi katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Nilikuwa katekista Kongo. Diploma yangu ya Serikali ya kumaliza sekondari iliteketea tulipokimbia. Kila chuo kinadai cheti. Je, kuna njia? Na naweza kusoma teolojia yote kwa intaneti? — Katekista, Nyarugusu

Ndugu katekista, njia ipo, na imeandikwa. Kwa kawaida kitivo cha Kanisa hudai cheti ambacho kingemruhusu mwombaji kuingia chuo kikuu cha kawaida katika nchi husika, yaani ufaulu unaokubalika wa kidato cha sita kwa Tanzania, au wastani wa C+ katika mtihani wa mwisho wa sekondari (KCSE) kwa Kenya. Lakini Veritatis Gaudium imeagiza kwamba kila chuo kikuu au kitivo kiweke katika katiba yake utaratibu wa kuwapima wakimbizi, waliohamishwa makwao na wenye hali zinazofanana na hizo ambao hawana hati za kawaida. Unapoandika, usiseme tu kwamba huna cheti. Omba waziwazi ushughulikiwe kwa utaratibu huo, na uitaje Veritatis Gaudium kwa jina, kwa sababu si kila karani wa udahili anaukumbuka.

Ambatanisha kila unachoweza kukipata: jina la shule na miaka uliyosoma, barua ya mwalimu au mwanafunzi mwenzako aliye hai, barua ya padre anayehudumia kambi, na kumbukumbu za parokia yako ya zamani kama kuna anayeweza kuzifikia. Tegemea pia kutahiniwa, kwani utaratibu huo unatafuta njia nyingine ya kuthibitisha elimu uliyo nayo.

Kuhusu intaneti, sheria inaruhusu sehemu ya masomo kufundishwa kwa mbali, ikiwa kanuni za chuo zilizoidhinishwa na Roma zinaeleza masharti yake, hasa ya mitihani. Shahada ya Kanisa inayotangazwa kwamba utaimaliza yote kwenye simu bila kuonana na mwalimu hata mara moja, usiilipie fedha. Andika kwanza kwa ofisi ya jimbo la Kigoma, kwa kuwa ruhusa ya kutoka kambini nayo itahitaji mtu wa kukuombea, na barua yenye muhuri wa jimbo itasaidia kambini na chuoni pia.