Ukitaka kuliona tabaka kwenye sinema, fuata kitu kimoja

Vijana wanaonijia na miswada ya filamu fupi, wengi wakiwa na hamu ya kuingia ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu la hapa Zanzibar, huja na picha zilezile. Tajiri ana geti na mlinzi, anafungua friji, anamimina juisi. Maskini kakaa juu ya ndoo na kanga iliyotoboka. Halafu kamera inapanda taratibu kwenye mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe, na mwenyewe ananieleza kwamba mlango ule ni ishara ya ukwasi. Namuuliza: nani anabisha hodi, na anawekwa barazani muda gani kabla hajafunguliwa? Mlango usio na mtu wa kuungojea ni kadi ya posta, na za namna hiyo madukani Shangani, mtaa wa watalii humo Mji Mkongwe, zimejaa.

Ushauri wangu kwa mtazamaji na kwa mtengenezaji ni ule ule. Acha kuhesabu mali. Shika kitu kimoja, maji, ngazi, viatu, chochote kile, ukifuate kinavyopita kwa watu wawili wasiolingana. Kikiwa kwa mmoja ni raha na kwa mwenziwe ni adha, tabaka limeshajionesha bila ya mtu kuhutubia.

Chukueni Parasite ya Bong Joon-ho wa Korea Kusini, iliyopata Oscar ya filamu bora mwaka 2020. Mvua ni moja. Huko juu kwa akina Park, familia ya kitajiri, mtoto analala bustanini ndani ya hema, na hema halivuji. Usiku huo huo akina Kim, waliokuwa wakiwatumikia, wanakimbia kurudi kwao. Wanashuka ngazi, wanashuka tena, na maji yanateremka pamoja nao. Wanafika wanakuta chumba chao, ambacho nusu yake kiko chini ya ardhi, kimejaa maji machafu. Choo kinafoka. Binti anakaa juu ya kifuniko, anawasha sigara.

Siku ya pili Bibi Park yumo garini, anazungumza kwa simu na kushukuru kwamba mvua ya jana imesafisha hewa. Anayeendesha ni baba wa akina Kim, aliyelala ukumbini na watu wengine waliofurikiwa. Bibi anaziba pua kwa mkono, anateremsha kioo cha dirisha. Basi, hakuna zaidi. Aliyeiona Mwanakwerekwe, hapa Unguja, wakati wa masika, barabara imegeuka bwawa, hahitaji kufasiriwa.

Mimi huonesha sinema mtaani, Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, kwa projekta na shuka jeupe. Usiku wa Parasite (kipande kimoja nilikirusha mbele, wazee na watoto walikuwapo, mashabiki wa sanaa mtaniwia radhi) jumba la kifahari halikumshitua mtu. Watu walinyamaza pale Bwana Park anaposema dereva wake ana harufu, ile ya watu wanaopanda treni za chini ya ardhi. Mama mmoja anayefua mashuka ya hoteli akasema kwa sauti, "Huyo kishamaliza." Wala hakutaka kueleza kamaliza nini. Kamera haiwezi kupiga picha ya harufu, ndiyo maana mwongozaji mzuri huipenda: inambidi aioneshe kwa uso wa anayenusa, na kwa uso wa anayejua kwamba amenuswa.

Lakini msiwe wawindaji wa ishara. Humo humo mna jiwe la mapambo ambalo familia inazawadiwa, na kijana wao akiliona tu anasema lina maana ya ishara. Mtengenezaji anatucheka sisi wenye madaftari.

Ousmane Sembène wa Senegal alishafanya hivi mwaka 1966, tena kwa fedha kidogo mno, katika La Noire de... Msichana Diouana anapata kazi kwa Wafaransa pale Dakar, anawapa kinyago kwa furaha. Nyumba ile ina vinyago vingine, kinakuwa kimoja kati ya vingi. Wanapomchukua Ufaransa, kinyago kinatundikwa peke yake kwenye ukuta mweupe mtupu, na yeye anageuka mtu wa kupika na kufuta sakafu, haoni mji. Bibi wa nyumba anamwamrisha avue viatu vyake vya kisigino. Ugomvi unapopamba moto, Diouana anakwenda ukutani na kukidai kinyago chake. Hapo utajua kwamba zawadi ile ilikuwa ni yeye mwenyewe. Mwisho wake sitauharibu.

Hapa kwetu tunayo Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ya mwaka 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi. Itazameni kwa jicho hilo hilo: Yasmin anaikimbia nyumba ya mume mzee, akaishi na akina Mwajuma, Ng'ambo. Miguu yake tu inatosha kukuonesha Unguja ya kikoloni ilivyogawanywa.

Kwa anayetaka kupiga yake, vitu viko tele na havigharimu. Ndoo ya maji inayopita mbele ya bwawa la kuogelea. Ufukwe ule ule wa Paje, mmoja kalala kwenye kitanda cha jua, mwengine kainama anachuma mwani maji yakitoka. Usimpe yeyote maneno ya kulalamika. Mwandishi akiniletea mhusika anayesema "sisi maskini tunaonewa," nafuta mstari huo kabla ya kusoma mwengine.

Na anayeanza kutazama asianze na Parasite. Aanze na ya Sembène: ni ya saa moja hivi, haimalizi bando. Aitazame mara ya kwanza kwa hadithi, ya pili azime sauti kabisa aangalie kinyago kiko wapi na nani kasimama karibu nacho.