Jibu: Ugomvi wa nyumba kwenye klabu ya bao

Ndugu, umeuliza nani ana haki katika mchezo wenu wa bao: mzee aliyelala, yaani aliyekomesha zamu yake, kwenye nyumba yake (lile shimo maalumu la safu yake ya mbele), kisha akaona angeweza kula zaidi, yaani kuteka kete za mwenzake, na kudai asafiri, yaani azichukue kete za nyumba na kuendelea kuzisambaza, au mpinzani wake. Haki ni ya mpinzani wake. Wakati wa namua, yaani hatua ya kwanza ya mchezo ambapo kete za akiba bado zinaingizwa ubaoni, anayekula na kete yake ya mwisho ikaangukia nyumba iliyo hai, yaani haijavunjwa na ina kete 6 au zaidi, ana hiari ya kulala au kusafiri. Akishatamka kwamba amelala, zamu imekwenda. Ila muulizeni kwanza kama alikuwa anakula. Kama alikuwa anatakata, yaani anasambaza kete bila kula, hiari haikuwepo kabisa, ilikuwa lazima alale.

Kinachonisumbua zaidi ni watazamaji wenu kuingilia. Hapo ndipo klabu huvunjika, wazee wanaacha kusalimiana kwa sababu ya kete! Teueni mwamuzi mmoja kila jioni, asiwe na ndugu anayecheza, na wengine wote wanyamaze hadi aulize. Ubishi ukianza, mikono yote itoke ubaoni mara moja. Kete ni 64, na zikishachanganywa hakuna atakayekumbuka kila shimo lilikuwa na ngapi. Mwamuzi apige picha kwa simu, ndipo asikilize pande zote mbili.

Kanuni ziandikeni na kuzibandika ukutani. Mgeni wa mtaa mwingine asomewe kabla ya kuketi, maana huenda kwao wanacheza tofauti kidogo. Na mzee wenu aambiwe uamuzi faraghani, kwa heshima.