Uliza Tukujibu: Simba wa stesheni ya Kima

SWALI: Hamjambo wahariri. Tukipita Mombasa Road kwenye ile stesheni ya zamani ya Kima huwa namwambia mwenzangu hapa ndio simba alikula mzungu wa reli, yeye anabisha ati hiyo ni Tsavo. Nani ako sawa? Na mbona hiyo stesheni ilikwisha maneno?

JIBU: Hatujambo. Nyote mko sawa, ila mnaongelea simba tofauti. Wa Tsavo walikuwa wawili, 1898, daraja likijengwa, na Patterson, mhandisi wa hilo daraja, akawaua Desemba hiyo. Wa Kima alikuja baadaye, reli ishafika Nairobi na treni zinatembea, na huyu alikuwa na kesi na stesheni yenyewe, maana kuna siku alipanda juu ya paa akaanza kung'oa mabati, karani Mhindi akatuma telegramu kwa wakubwa kwamba simba anapigana na stesheni, leteni msaada haraka. Hebu fikiria ndio wewe uko ndani!

Sasa Juni 1900 Charles Ryall, mkubwa wa polisi wa reli, akasimamisha behewa lake hapo ili amvizie. Alikuwa na wenzake wawili, Huebner na Parenti. Zamu ya Ryall ya kukesha usingizi ukambeba, simba akasukuma mlango wa kuteleza akaingia, na kwa vile behewa lilikuwa limeinama kidogo mlango ukajifunga nyuma yake. Parenti alikuwa amelala sakafuni, simba akamkanyaga tu akimfuata Ryall kitandani, akatoka naye dirishani. Parenti naye akarukia dirisha la upande wa pili, mbio hadi kwenye majengo ya stesheni akajificha. Simba alikuja kunaswa kwa mtego, akawekwa siku kadhaa watu wamtazame, ndio akapigwa risasi.

Kuhusu kwisha maneno, vistesheni hivyo vilikuwa vingi kwa sababu reli ilikuwa moja, lazima treni zipishane mahali, na injini za mvuke kila baada ya mwendo zilitaka maji. Dizeli hazina hiyo shida. Halafu 2017 abiria wa Mombasa wakahamia SGR, ile reli mpya, ambayo inasimama Emali na Kibwezi, Kima inapitwa tu. Behewa la Ryall bado lipo, liko Nairobi kwenye makumbusho ya reli, mpeleke huyo mbishi wako alione.